Mabakuli Matupu ya Tuvumilie

Nchi hii haimo kwenye ramani yoyote. Msomaji akihisi kwamba amewahi kuishi humo, hiyo ni homa tu. Anywe maji, apumzike. Humo nchini kuna mji mdogo uitwao Tuvumilie, na hapo ndipo alipoishi Bi Somoe binti Mfaume, mwanamke aliyekuwa na shaka na kila kitu kilichotembea na kila kilichosimama.

Akiletewa habari ya msiba, aliuliza kwanza ni nani aliyemwona marehemu kwa macho yake. Akinunua sukari dukani, aliipima upya nyumbani, kisha akaishuku mizani yake mwenyewe. Mvua ikinyesha upande wa pili wa mji, alitaka kujua upande ule una nini. Watu walimpenda, ila walimpendea mbali kidogo, isipokuwa jirani yake wa ukuta mmoja, Bi Kibibi, mjane aliyemzoea kama mtu anavyozoea mlango unaolia.

Wawili hawa walifungamana kwa bakuli. Tuvumilie ina desturi yake tangu ilipokuwa vibanda vichache: ukipika kizuri, unamtilia jirani kwenye bakuli, unalifunika kwa kawa la ukindu, unampelekea. Jirani akila, halirudishi bakuli tupu. Ataweka chochote alichonacho, yai, ndimu, hata chumvi ya kushika kwa vidole. Kulirudisha tupu ni neno zito mno. Maana yake mimi na wewe basi, usije kwangu na mimi siji kwako, na nikifa usibebe jeneza langu. Zipo koo zilizotengana kwa bakuli moja lililorudi jeupe, na wajukuu wao hadi leo wanapishana njiani wakitazama pembeni.

Na bakuli halikubeba chakula tu, lilibeba habari. Aliyelileta alikaa kidogo akasema kilichoonekana sokoni. Aliyelirudisha alikaa kidogo akasema kilichosikika kisimani. Kufikia adhuhuri mji mzima ulijua kila lililotokea, na baadhi ya yale ambayo bado hayajatokea.

Kitu kingine walichoshirikiana watu wote wa Tuvumilie ni Uwanja wa Mpunga, kando ya barabara kuu. Ulikuwa ardhi ngumu, isiyo na mti wala kivuli, inayopigwa na jua tangu asubuhi. Aliyevuna alitandaza mkeka wake hapo akaanika. Bi Kibibi aliishi kwa mpunga wake. Ukikauka vizuri, alikula na kuuza mwaka mzima. Ukivunda, hakuwa na kingine.

*

Halmashauri ya Tuvumilie iliongozwa na Mwenyekiti, Mheshimiwa Chande Mavumba, mzaliwa wa hapo hapo, mtu aliyekohoa kwanza hata kabla ya kusema ahsante. Siku moja agizo lilishuka kutoka mji mkuu: kila halmashauri itafute rushwa ilipo na kuing'oa. Halmashauri nyingine ziliingiwa na hofu. Ya Tuvumilie haikuwa na hofu hata kidogo. Ilikaa kikao, ikatafuta ofisini haikuona kitu, ikatafuta kwenye magari ya ofisi haikuona kitu, mwishowe ikaipata rushwa jikoni kwa watu.

"Ndugu wananchi," alisema Mheshimiwa Mavumba kwenye mkutano wa hadhara, baada ya kukohoa. "Rushwa haianzii ofisini. Ofisini inafika ikiwa imechoka. Rushwa inaanzia kwenye bakuli. Fulani anampa mwenzake mchuzi, mwenzake anamrudishia yai. Hiyo ni nini kama si nipe nikupe? Na nawauliza jambo moja, mnijibu kwa dhamiri zenu. Mbona bakuli limefunikwa? Kitu cha halali kinafichwa cha nini?"

Watu wakatazamana. Walikuwa wamefunika mabakuli maisha yao yote kwa sababu ya nzi, na sasa wengine wakaanza kuwaza kama kweli ni nzi.

Sheria ndogo ikapitishwa papo hapo. Kila bakuli lipelekwe wazi. Kila bakuli lirudi likiwa limeoshwa na tupu, mbele ya macho ya watu, kama ushahidi wa usafi wa nia. Makawa yakapigwa marufuku. Na kila mtaa ukapewa Ofisa Maadili wa kusimamia hayo.

Mheshimiwa alikwenda mwenyewe nyumbani kwa Bi Somoe.

"Bi Somoe," alisema, amekaa ukingoni mwa kiti kana kwamba kiti nacho kinachunguzwa. "Nchi hii imejaa watu wanaoamini ovyo. Mimi natafuta mtu wa kushuku."

"Kwa nini mimi, Mheshimiwa?"

"Unaona? Umeshaanza kazi."

Tangu utoto wake Bi Somoe alikuwa akiambiwa aache shaka. Mama yake alimwambia, mumewe alimwambia kabla ya kuondoka zake, shehe alimwambia kwa upole. Leo serikali inamwomba aongeze. Alifurahi, kusema kweli alifurahi sana. Akapewa filimbi, akapewa kofia ya kijani yenye nembo ya halmashauri, jicho moja lililo wazi. Alishuku kidogo kwa nini jicho lenyewe ni moja, lakini kofia ilimkaa vizuri, akanyamaza.

*

Siku ile ile Bi Kibibi alikuwa amemletea kisamvu cha nazi. Bi Somoe alikila chote, maana sheria haikukataza kula. Akaliosha bakuli, akalikausha, akasimama nalo jikoni. Mkono ukaenda wenyewe kwenye kapu la ndimu. Akaurudisha. Akavaa kofia, akatoka.

"Shoga, bakuli lako."

Bi Kibibi alilipokea, akaangalia ndani, akalipindua akaangalia na chini yake.

"Ndilo hili?"

"Ndilo. Ni sheria, Kibibi. Si mimi."

"Iliyoleta bakuli hapa ni sheria?"

"Nimelileta mimi."

"Basi nimelipokea kwako."

Akaingia ndani akafunga mlango. Mlango ule haukuwahi kufungwa mchana tangu mumewe Bi Kibibi azikwe. Bi Somoe alibaki barazani na filimbi yake shingoni, akajiambia kwamba mtu msafi hana haja ya kununa, na kwamba huenda shoga yake ana jambo anaficha. Fikra hiyo ilimsaidia kurudi nyumbani, lakini usingizi wa mchana haukumjia.

*

Basi mabakuli yakaanza kurudi matupu Tuvumilie nzima, na mji ukajifunga mlango baada ya mlango. Waliokuwa wakichota maji pamoja walianza kuchota kwa zamu. Waliokuwa wakisuka ukili baraza moja walisuka kila mmoja kwake, wamepeana migongo. Mtu akipiga chafya, jirani alijiuliza amekula nini na amepewa na nani.

Habari za mji sasa zililetwa na gari la halmashauri lenye kipaza sauti, likipita polepole mtaa kwa mtaa.

"Hizi ni Taarifa za Jamii," lilinguruma. "Mwanamke mmoja wa Mtaa wa Mnazini ameonekana akicheka jikoni peke yake. Uchunguzi unaendelea. Mzee mmoja amepatikana na kawa, amedai ni kofia. Amevishwa, limemkaa, ameachiwa kwa onyo. Halmashauri inawatangazia kwamba hali ni shwari, na yeyote anayeona si shwari aje ajieleze. Mwisho wa taarifa."

Katika siku hizo za shwari, Uwanja wa Mpunga ulizungushiwa mabati. Bango likasimamishwa: KITUO CHA MAADILI, MALI YA UMMA. Chini yake kwa herufi ndogo: Umma hauruhusiwi kuingia.

Kama ingekuwa zamani, mabati yale yasingefika hata jioni bila mji kujua ni ya nani na yamekuja kwa lori la nani. Sasa kila mtu aliona kipande chake akakimeza. Aliyepita asubuhi aliona shimo. Aliyepita mchana aliona kitu kikubwa kikishushwa kwa minyororo. Fundi mmoja mpaka rangi aliitwa ndani kuchora bango jingine, likafunikwa kitambaa kabla rangi haijakauka, akarudi kwake akakaa kimya. Wote walishuku, lakini walimshuku jirani.

Bi Somoe mwenyewe aliitwa ndani ya mabati kwenda kuthibitisha kwamba mafundi hawapeani mabakuli. Hakuona bakuli. Aliona sakafu pana ya zege, laini, inayong'aa kwa jua, na katikati yake vitu virefu kama makabati, kila kimoja kina kioo chenye namba na mpira mweusi ulioning'inia ubavuni.

"Mheshimiwa, hivi ni vitu gani?"

Mheshimiwa Mavumba alikohoa. Safari hii alikohoa kwa muda mrefu.

"Hivyo ni vipimo vya maadili, Bi Somoe. Teknolojia ya kisasa. Mwananchi anashika mpira huu, namba zinapanda."

"Zikipanda ni mwema au mbaya?"

"Inategemea mwananchi."

"Na mbona pananuka mafuta?"

"Maadili mapya yananuka hivyo. Mtazoea."

Bi Somoe alitoka nje na neno kooni. Alipofika nyumbani alichukua bakuli, akatia kunde za nazi, akaelekea mlangoni kwenda kumweleza Bi Kibibi, maana maisha yake yote shaka yake ilikuwa haijatimia mpaka imesikilizwa upande wa pili wa ukuta. Akafika kizingitini akakumbuka. Akarudi ndani akazila mwenyewe zile kunde, amesimama, wala hakuzijua ladha.

*

Mavuno yakaja, na nyuma yake mawingu ya vuli.

Harufu ndiyo iliyoanza kupita ukutani. Mwanzoni Bi Somoe alishuku panya. Kisha akamshuku Ofisa Maadili wa mtaa wa pili kwamba ametumwa kumchafulia jina. Siku ya tatu hakuweza tena kujidanganya: ulikuwa mpunga unaovunda. Akazunguka nyuma, akasimama kwenye dirisha la jirani yake, akachungulia, kazi aliyopewa kofia kwa ajili yake.

Mpunga ulikuwa umetandazwa kila mahali. Ulikuwa sakafuni, mezani, juu ya kabati. Ulikuwa kitandani, umesambazwa vizuri kwa mkono, na Bi Kibibi amekaa kwenye kigoda mlangoni akiupepea kwa kipande cha boksi. Alikuwa amechoka uso mzima. Upande wa ukutani punje zilikuwa zimeanza kuota.

Bi Somoe aliona aibu. Hakuionea shaka aibu ile, aliiona kama ilivyo, ikamkaa kifuani. Alimpokonya shoga yake mtu wa kusema naye, na watu wengine wakampokonya uwanja, na yeye ndiye aliyeshika filimbi wakati wote huo.

Akarudi jikoni. Akapika wali kwa mchele wake wa mwisho wa mwaka jana, akatia na samaki, akajaza bakuli. Akatafuta kawa, akakumbuka alilitoa mwenyewe lichomwe mbele ya ofisi ya mtaa. Basi akaivua kofia ya kijani, akaifunikia bakuli, jicho la halmashauri likatazama juu. Akatoka mchana kweupe, katikati ya njia, watu wakimwona.

"Hodi."

Akabisha tena.

"Kibibi, hodi. Nimefunika."

Mlango ukafunguka kidogo. Bi Kibibi akaitazama kofia, akamtazama aliyeishika.

"Umekuja kunikagua?"

"Nimekuja kukuomba radhi. Na nina jambo, nikikaa nalo tena litaniua."

Bi Kibibi akasogea. Hapakuwa na mahali pa kukaa kwa sababu ya mpunga, wakala wamesimama, wakichota kwenye bakuli moja.

"Humo ndani ya mabati," alisema Bi Somoe, "kuna makabati yana mipira. Na namba. Nimeambiwa ni vipimo vya maadili."

"Mimi nilikwenda kubembeleza wanipe pembe moja nianike," alisema Bi Kibibi. "Wakanifukuza. Lakini niliona kinachofukiwa. Tangi, Somoe. Tangi ambalo mngeweza kufungia ndoa humo ndani na wageni wakatosha."

Wakaacha kutafuna.

"Kituo cha mafuta," alisema Bi Somoe.

"Cha nani sasa?" akauliza Bi Kibibi, akajijibu mwenyewe. "Hilo nalo halihitaji kuulizwa, mwenye kikohozi tunamjua."

Mchana ule mabakuli yalianza kutembea tena Tuvumilie. Yalifunikwa kwa kofia, kwa ungo, kwa vitambaa vya meza, moja lilifunikwa kwa Taarifa ya Halmashauri ya robo mwaka. Kipande cha shimo kikakutana na kipande cha minyororo, na kufikia adhuhuri ya kesho yake yule mpaka rangi naye aliletewa maboga ya nazi, akasema alichochora chini ya kitambaa: tone kubwa jekundu, na maneno MAVUMBA MAFUTA.

Ikajulikana na mpango wenyewe. Waziri angekuja kuzindua Kituo cha Maadili, akate utepe, apigwe picha, aondoke. Vumbi la gari lake likishatua, kitambaa kingeondolewa.

*

Waziri wa Maadili na Usafi wa Nia hakuwa mtu wa kuhutubia viti. Alitaka umati. Mheshimiwa Mavumba akajua kwamba mji aliofunga milango hautatoka kumshangilia mtu, kwa hiyo siku moja kabla ya uzinduzi alituma magari kila nyumba, na kila nyumba ikapewa bakuli jipya la halmashauri lenye nembo ya jicho, limejaa pilau ya nyama.

"Kwani hii si zawadi?" aliuliza Bi Somoe, kwa wajibu wake wa ofisa.

"Si zawadi hata kidogo," alisema mjumbe wa halmashauri. "Ni uhamasishaji unaoliwa."

"Na mabakuli?"

"Mtayarudisha kesho uwanjani, kwa mujibu wa sheria."

"Kwa mujibu wa sheria," alisema Bi Somoe, akapokea.

Kesho yake umati ulikuja ambao Tuvumilie haijawahi kuuona. Kila mtu alikuwa na bakuli mkononi na mkeka kwapani. Mheshimiwa Mavumba aliona mikeka akafurahi, akadhani ni ya kukalia.

Waziri alihutubia. Alisema nia safi ni nguzo, na nguzo ni msingi, na msingi ni nia. Alipoketi kupangusa jasho, Bi Somoe alisimama na kofia yake, akaomba ruhusa ya kuuliza kama Ofisa Maadili.

"Mheshimiwa Waziri, sisi wengine tuna ugonjwa wa shaka. Tunaomba utamke kwa kinywa chako tupone. Kituo hiki ni cha nani?"

Waziri hakuwahi kuulizwa swali tamu namna hiyo. Akasimama tena.

"Ni chenu. Ni cha wananchi wa Tuvumilie, leo na siku zote. Sakafu hii ni yenu, vipimo hivi ni vyenu. Na mtu atakayejaribu kukifanya chake, awe nani, anitafute mimi."

Watu wakapiga makofi marefu. Mheshimiwa Mavumba akapiga pia, mkono wa kulia ukiutafuta wa kushoto bila kuupata vizuri.

"Sasa tunaomba kurudisha mabakuli," alisema Bi Somoe.

Wakapanga mstari. Mmoja mmoja walipita mbele ya Mwenyekiti, wakaweka bakuli miguuni pake. Yote yalikuwa yameoshwa yakang'aa. Yote yalikuwa wazi. Yote yalikuwa matupu.

"Tazama nidhamu hii," alisema Waziri, ameguswa. "Hakuna hata mmoja aliyetia kitu. Mavumba, wewe umewafundisha watu."

"Nimewafundisha, Mheshimiwa," alisema Mwenyekiti. Waziri alikuwa mgeni, aliona usafi. Mavumba alizaliwa Mtaa wa Mnazini, na kila bakuli lilipogusa zege alisikia linachosema. Muuza duka aliweka la kwake. Aliyemfundisha kusoma aliweka la kwake. Bi Kibibi aliweka la kwake, akamtazama machoni, akapita. Mabakuli yakapanda hadi magotini pake, na hakuweza kulalamika, maana sheria ilikuwa yake.

Wa mwisho kwenye mstari alikuwa bibi kizee aliyeshikwa mkono na wenzake. Alikuwa mama yake mzazi. Aliinama kwa taabu, akaliweka la kwake juu kabisa.

"Limeoshwa, mwanangu," alisema.

Waziri alipiga makofi kwa nguvu kuliko mara zote. Kabla gari lake halijageuka, mikeka ilishatandazwa kwenye zege, na mpunga wa Bi Kibibi ulikuwa wa kwanza kumwagwa.

*

Zege lile hukausha kuliko ardhi. Mafundi wa halmashauri walijua kazi yao. Sehemu kubwa ya mpunga wa Bi Kibibi ilipona, na ule ulioota alipewa bata. Kitambaa hakijaondolewa hadi leo, kwa sababu Waziri hutaja Kituo cha Tuvumilie katika kila hotuba. Vipimo vya maadili vipo. Watu hutundika makawa kwenye ile mipira.

Bi Kibibi alipolirudisha bakuli la Bi Somoe, ndani yake mlikuwa na ndimu. Bi Somoe aliinusa, akaigeuza huku na huku.

"Mbona moja?"

"Nenda zako huko," alisema Bi Kibibi, wakacheka mpaka wakashikana.

Mheshimiwa Mavumba bado ni Mwenyekiti, maana kwenye nchi ile si rahisi mtu kuacha kuwa mwenyekiti. Ila uchaguzi ulipokaribia, alionekana akija Mtaa wa Kisimani, anakoishi Bi Somoe, kwa miguu, bila gari, bila kipaza sauti, amebeba bakuli lililofunikwa kwa kawa. Alimpa Bi Somoe kwa mikono miwili. Yalikuwa mahamri, bado ya moto, na alisema aliyakanda mwenyewe. Huenda ni kweli. Unga ulikuwa umebaki kwenye kucha zake, ingawa Bi Somoe anajua kwamba unga unaweza kupakwa.

Aliyala. Yalikuwa mazuri, na hilo lilimtia wasiwasi zaidi. Akaliosha bakuli, akasimama nalo jikoni karibu na kapu la ndimu, mtaa mzima ukingoja kuona litarudi vipi. Wengine walisema mtu akija kwa miguu amekuja. Wengine walisema kura ndizo zilizomvua viatu. Mheshimiwa alipita mara ya kwanza akatazama barazani. Alipita mara ya pili akasalimia. Mara ya tatu akashindwa kuvumilia, akasimama.

"Bi Somoe, bakuli langu vipi?"

"Linakauka, Mheshimiwa," alisema Bi Somoe. "Linakauka."